Waini nyekundu ya bei nafuu hapa Mtwara: Dodoma au Afrika Kusini, tamu au kavu, boksi au chupa?

Minada ya korosho ikishaanza na hela zikaonekana mtaani, simu yangu haitulii. Kipaimara, sendofu, harusi, Krismasi, na swali ni lile lile: "Shemeji, tuchukue waini gani nyekundu? Isiwe ya bei mbaya, lakini watu wasije wakatucheka." Nimekaa kwenye kamati ya vinywaji mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, hapa Mtwara mjini na mara mbili Lindi, na jibu langu limebadilika. Zamani nilikuwa nataja jina la chupa. Siku hizi nauliza kwanza: mnanunua duka gani, na barafu mnayo?

Kanisani tunasema divai, kwenye vitabu ni mvinyo, dukani ni waini. Nitayachanganya kama tunavyoyachanganya wenyewe. Na wasomaji wasiokunywa, ambao huku pwani ndio wengi, watanisamehe. Haya ni ya wale ambao chupa itakuwa mezani kwao kwa vyovyote vile.

Duka na duka

Naanza na duka kwa sababu ndiko nilikopotezea hela. Desemba moja nilinunua chupa kwenye duka la mjini lenye kabati zuri la kioo linalotazama magharibi. Elfu thelathini na nane, lebo ya dhahabu, kizibo cha gome. Nyumbani nilipoishika vizuri nikaona kizibo kimechomoza kidogo kuliko mdomo wa chupa, na shingoni kuna michirizi miekundu iliyokauka, inanata kama asali. Nikaifungua hivyo hivyo. Harufu yake ilikuwa ya zabibu kavu zilizosahaulika jikoni, na ladha yake sukari iliyoungua, bila uchachu wala uhai wowote. Mvinyo ule ulikuwa umepikwa na jua ndani ya kabati.

Mvinyo hupenda kutunzwa kwenye nyuzi 12 hadi 18 hivi. Ukikaa muda mrefu juu ya 25 unazeeka mbio. Ukifika 30 na kuendelea unaanza kupikika. Mchana wa Desemba hapa kwetu unazipita 30 bila taabu, na chini ya bati lisilo na dari ni zaidi. Kabla ya hapo chupa imeshasafiri kutoka Dar kilomita 560 hivi, Kibiti, Somanga, Lindi, chini ya turubai. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara eneo la Somanga, malori yalikaa njiani yakisubiri. Saruji inavumilia safari ya namna hiyo. Waini haivumilii.

Kwa hiyo ukilinganisha maduka, usishindanishe uzuri wa mlango. Supamaketi yenye kiyoyozi ina faida kubwa, ila uliza kama kiyoyozi hicho kinawashwa pia usiku. Grosari ya mtaani haina kiyoyozi, lakini kama mzigo wake unaisha kila wiki mbili, chupa yake inaweza kuwa na afya kuliko ile iliyokaa miaka miwili mahali pazuri. Vumbi ndilo linalosema ukweli. Chupa yenye vumbi begani na lebo iliyopauka upande mmoja, iache hata ukipewa punguzo. Chukua ya rafu ya chini, ya nyuma, isiyopigwa na taa. Itazame shingo: mvinyo ukiwa umeshuka chini ya kawaida wakati kizibo hakijafunguliwa, kuna kilichovuja.

Kizibo cha kuzungusha ukipende. Najua kuna watu wanaona ni dalili ya waini ya ovyo. Kwa chupa ya bei nafuu inayosafirishwa kwenye joto, kile cha bati kinabana vizuri kuliko gome linalokauka chupa ikisimamishwa wima miezi. Halafu hakihitaji kizibuo, na mara tatu nimeshaona sherehe ambayo kizibuo kimepotea na mjomba anasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko.

Jambo la mwisho dukani ni stempu ya kodi. TRA, mamlaka ya mapato, wana programu ya simu inayoitwa Hakiki Stempu. Unaskani stempu, inakuambia kama ni ya kweli. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji.

Dodoma na Afrika Kusini

Hapa ndipo mjadala wa kamati huwa mrefu, na mara nyingi ni mjadala wa fahari kuliko wa ladha.

Mizabibu ya Dodoma ilianzia kwa wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya misa. Leo zabibu yake nyekundu maarufu inaitwa Makutupora, kwa jina la eneo lililo kaskazini ya jiji ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Dodoma ni nchi kavu iliyoinuka mita 1,100 hivi, usiku wake una ubaridi, na mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani. Kuna viwanda vikubwa kama CETAWICO kule Hombolo, na kuna wengi wadogo. Bei yake inashikika kwa sababu mbili. Haivuki mpaka. Na ushuru wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 umekuwa ukiwekwa chini sana kuliko wa mvinyo mwingine. Sehemu kubwa ya tofauti unayoiona kwenye bei, basi, ni kodi na usafiri. Chupa ya nje ya elfu ishirini na tano haina maana kwamba ndani yake mna kinywaji kizuri mara mbili ya cha elfu kumi na mbili.

Ladha yake? Makutupora mkavu una rangi nzito, uchachu wa kueleweka na ukali kidogo mwishoni. Ukinywewa wa moto ni mkorofi. Ukipozwa unakuwa mtu mwingine kabisa, nitaeleza. Mtamu wa Dodoma ni habari tofauti: Dompo kwa mfano, ambayo kwa watu wengi ndiyo waini ya kwanza maishani, inakwenda moja kwa moja kwenye utamu na haikusumbui kwa maswali. Udhaifu wa mvinyo wa Dodoma, kwa ulimi wangu, ni kutofanana. Jina lile lile mwezi huu zuri, mwezi ujao hivi hivi. Ndiyo maana kabla ya kununua katoni nanunua chupa moja ya mzigo huo huo, naionja jioni, kesho yake asubuhi ndiyo narudi na hela ya katoni.

Afrika Kusini nguvu yake ni hapo hapo: kufanana. Robertson, kiwanda cha tangu 1941 katika mji wa jina hilo hilo; Four Cousins, ya binamu wanne wa familia ya Retief wa bonde lile lile la Robertson, iliyoanza mwaka 2000; Drostdy-Hof; Nederburg ya Paarl ambayo shamba lake ni la tangu 1791; KWV ya 1918. Chupa uliyoipenda mwaka jana utaipata hivyo hivyo mwaka huu, mradi jua halijaitangulia. Nyingi zina kibandiko chembamba shingoni kinachothibitisha asili ya zabibu na mwaka wa mavuno. Mavuno yao ni kati ya Januari na Aprili, hivyo chupa iliyoandikwa mwaka fulani inakuwa na miezi kadhaa tayari mwaka huo ukiisha. Kwa waini za bei hii, chukua yenye mwaka wa karibuni. Hadithi ya mvinyo kunoga kadiri unavyozeeka inazihusu chupa chache sana duniani, na hazimo kwenye grosari zetu. Huku ni mwaka mmoja, miwili, mitatu basi.

Kama unataka kitu cha Afrika Kusini chenyewe na siyo nakala ya Ufaransa, tafuta neno Pinotage kwenye lebo. Ni zabibu iliyozalishwa mwaka 1925 na Abraham Izak Perold kule Stellenbosch kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Ina moshi fulani ndani yake, wakati mwingine kama kahawa, na inapatana na mishkaki kuliko kitu chochote ninachokijua kwenye bei hiyo.

Chile na Hispania nazipita haraka. Frontera ya Chile, kutoka Concha y Toro, ni laini na haina kosa, ukiikuta haijapauka. Za Hispania zilizomo kwenye pakiti za karatasi kama za maziwa zinafaa zaidi kutengenezea kinywaji cha matunda kwenye jagi kuliko kunywewa zenyewe.

Nikilazimishwa kuchagua upande kwa chupa moja ya mezani kwangu, nachukua Dodoma mkavu. Kwa sherehe ya watu ambao siwajui wote, Afrika Kusini. Kwenye sherehe sitaki mshangao.

Tamu na kavu

Neno linalochanganya wengi ni lile la kwenye lebo, "Dry". Mzee mmoja wa ukoo aliniuliza kinywaji kinakuwaje kikavu. Maana yake ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kileo. Kwa kanuni za Ulaya mvinyo mkavu unakuwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au mpaka 9 kama una uchachu wa kutosha. Mtamu unaanzia gramu 45. Soda ya kola ina kama gramu 100 kwa lita, kwa hiyo hata waini mtu anayoiita "sukari tupu" mara nyingi haijaifikia soda.

Kinachowafukuza watu kwenye mvinyo mkavu wala si kukosa sukari. Ni ukakasi. Umewahi kuuma bibo, tunda la mkorosho, ambalo halijaiva sawasawa? Ile hali ya ulimi kukazwa na meno kujisikia kama yamepakwa chaki ndiyo hiyo hiyo. Inaitwa tanini, imo kwenye maganda na mbegu za zabibu, imo kwenye bibo, imo kwenye chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mtu aliyekua Newala au Tandahimba akila mabibo hana haja ya kufundishwa ukakasi. Ameujua kabla hajajua kusoma.

Zabibu zinatofautiana kwa ukakasi. Cabernet Sauvignon unao mwingi. Merlot ni laini zaidi. Shiraz ina pilipili manga fulani na mwili mnene. Ndiyo maana namwambia mtu anayetaka kuhama kutoka tamu kwenda kavu asianze na Cabernet eti kwa sababu jina lake ameshalisikia. Aanze na Merlot, au mchanganyiko mlaini kama Claret Select ya Drostdy-Hof, uliopozwa. Wengi wanaosema hawapendi waini kavu waliwahi kupewa Cabernet ya moto kwenye harusi, saa tisa mchana, ndani ya suti.

Na tamu isidharauliwe. Nyekundu tamu za Robertson na Four Cousins mara nyingi zina kileo cha asilimia 7 hadi 9 tu, wakati kavu hufika 13 au 14. Kwenye sherehe ndefu ya mchana hilo ni jambo kubwa. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 14 ina kileo halisi mililita 21. Ya asilimia 8 ina 12. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Sasa fikiria bwana aliyezoea bia nne akaamua leo "ananywa mvinyo taratibu" kwa glasi za juisi zilizojaa mpaka mdomoni. Bodaboda aitiwe mapema.

Chupa nne ndani ya soksi

Mwaka juzi, nilipochoka na ubishi, nilifanya jaribio barazani kwangu Chuno. Chupa nne: Dodoma mkavu, nyekundu tamu ya Afrika Kusini, Pinotage, na Cabernet ya nje ambayo bei yake ilikaribia kuzizidi mbili za wengine kwa pamoja. Nilizivalisha soksi za shule za watoto, zilizofuliwa, nikaandika namba kwa chaki. Waonjaji walikuwa wifi yangu, shemeji ambaye ni mwalimu, jirani dereva wa lori, na mama mkubwa ambaye hunywa Krismasi na Pasaka tu. Mimi sikupiga kura kwa kuwa najua nini kimo kwenye soksi gani.

Raundi ya kwanza chupa zilikuwa kama zilivyotoka kabatini. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa 31. Mama mkubwa alinusa ya Dodoma akairudisha mezani. "Hii inanipanda puani kama nipa, mwanangu." Nipa ni pombe kali ya huku kwetu, na hakukosea. Kinywaji kikiwa cha moto, kileo ndicho kinachotangulia kupanda puani, na kila kitu kingine kinajificha nyuma yake. Watatu kati ya wanne walichagua tamu. Mwalimu peke yake alichagua Pinotage.

Nikachukua ndoo, nikatia barafu, maji, na kiganja cha chumvi. Watu hujaza barafu tupu na chupa inabaki imeegemea vipande viwili vitatu huku upepo ukipita katikati. Maji ndiyo yanayoigusa chupa pande zote. Chumvi inayafanya maji yawe baridi zaidi kabla hayajaganda. Robo saa baadaye chupa zilikuwa zinatoka jasho. Nikamimina tena, namba zimebadilishwa.

Mama mkubwa akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Hii nayo ni ipi? Hii hukutupa mwanzo."

"Ni ile ile uliyoirudisha, mama."

"Usinitanie."

Wifi na dereva waliichagua Dodoma raundi hiyo. Mwalimu alibaki na Pinotage yake. Mama mkubwa, baada ya kuisifu Dodoma vizuri tu, alirudi kwenye tamu. "Mimi sijaja kufanya mtihani," alisema, akasogeza glasi.

Cabernet ya bei kubwa haikupata kura hata moja katika raundi zote mbili. Nitaitetea kidogo: mezani kulikuwa na changu wa kukaanga, na samaki ni adui wa mvinyo wenye ukakasi mwingi. Tena niliipoza kupita kiasi. Ubaridi huukaza ukakasi badala ya kuulainisha. Ungekuwa mguu wa mbuzi, na ndoo ya dakika saba badala ya kumi na tano, huenda ningeandika mambo mengine.

Wanaosema nyekundu inywewe "kwa joto la chumba" wanarudia msemo wa nchi ambazo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mtwara sicho hicho. Kwa friji la kawaida, kama huna barafu, ipe chupa saa moja na nusu hivi. Tamu na laini zivumilie zaidi, zifike 10 hadi 14. Cabernet na Shiraz ziishie 16 au 17, yaani chupa ukiishika unasikia ubaridi lakini haikukimbizi mkono.

Boksi na chupa

Hesabu kwanza. Glasi ya kawaida ni mililita 150, hivyo chupa ya mililita 750 ni glasi 5, ile kubwa ya lita moja na nusu ni 10, na boksi la lita 5 kama Overmeer ni 33. Tuseme chupa ni elfu ishirini na tano: glasi inakugharimu 5,000. Tuseme chupa kubwa ni elfu thelathini na nane: 3,800. Tuseme boksi ni elfu themanini: 2,400 na chenji. Weka bei za duka lako, mpangilio huwa ndio huo huo.

Boksi lina akili yake. Ndani mna mfuko unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo likishafunguliwa linaweza kukaa kwenye friji wiki nne hadi sita na bado likanyweka. Chupa iliyofunguliwa, hata kwenye friji, ni siku tatu hadi tano. Mtu anayependa glasi moja jioni mbili kwa wiki anamwaga nusu ya kila chupa bila kujua kwamba boksi lingemfaa.

Lakini boksi lisilofunguliwa lina umri mfupi kuliko chupa. Ule mfuko wa plastiki unapitisha hewa kidogo kidogo, na ndani ya mwaka hivi ladha inaanza kulegea, joto likisaidia. Kwa hiyo tazama tarehe ya kufungashwa iliyopigwa muhuri chini au ubavuni. Isiposomeka, liache. Boksi nililoliona likitumika kama meza ya kuwekea redio dukani sikuuliza hata bei.

Kuna la aibu pia. Wazee wengine hawataki kuona boksi kwenye meza kuu. Suluhisho letu kwenye kamati ni jagi la kioo lililotoka kwenye friji: meza kuu inapelekewa jagi, boksi linabaki jikoni na mpishi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Na chakula chetu je?

Vitabu vya mvinyo vinazungumzia jibini na nyama ya ng'ombe iliyookwa. Mtwara tuna pweza.

Pweza wa nazi na nyekundu kavu nzito havipatani. Mdomoni inabaki ladha kama umelamba sarafu. Chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kinaposhikana na mafuta ya samaki ndicho kinacholeta hilo. Kama lazima iwe nyekundu, iwe laini, changa na baridi. Ukitia ndimu ya kutosha kwenye pweza inasaidia zaidi. Nguru wa kuchoma mwenye makovu meusi ya mkaa anavumilia Pinotage. Changu mweupe wa mchuzi havumilii.

Pilipili inataka tamu. Kileo kikubwa kinaichochea pilipili, utamu unaituliza. Sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, yenye chumvi na pilipili ya unga, na glasi ya nyekundu tamu iliyopoa vizuri, ni jambo ambalo nalipendekeza bila haya, ingawa nina rafiki anayedhani nimerukwa na akili. Chumvi nayo inaupunguza ukakasi, ndiyo maana korosho za kubanika zenye chumvi zinaifanya hata waini ya kawaida ionekane imetoka familia bora. Mafuta ya korosho, ule uchungu kidogo wa moto, na Merlot au Dodoma mkavu. Siku nikiwa na elfu kumi na tano tu ya anasa, ndicho ninachofanya: chupa ya Dodoma na kikombe cha korosho kutoka kwa mama wa kona.

Mbuzi na ng'ombe ndiko Cabernet inakopata kazi. Tanini inashikana na protini na mafuta ya nyama, ulimi unaachiwa huru. Kuku wa kienyeji aliyechomwa, mpe Shiraz au Pinotage.

Ukija kwangu na hela mkononi

Ukiwa na chini ya elfu kumi na tano, usihangaike na za nje; kwa hela hiyo utapata iliyokaa sana au ya mashaka. Nunua Dodoma, mkavu au mtamu kwa ulimi wako, na utumie kinachobaki kununua barafu.

Kati ya kumi na tano na thelathini ndipo penye uwanja mpana. Hapa nalinganisha duka kabla ya lebo, mwaka kabla ya jina. Pinotage au Merlot yenye kizibo cha kuzungusha, isiyo na vumbi, inaishinda Cabernet yenye lebo ya dhahabu iliyokaa dirishani. Kama mnyweshwaji ni mama mkwe na hujui anapenda nini, chupa kubwa ya tamu. Usimjaribie falsafa zako.

Zaidi ya thelathini kwa chupa moja, kwa hali ya utunzaji wa maduka mengi ya hapa, mimi sinunui isipokuwa namjua mwenye duka na nimeona anapoiweka. Nikienda Dar narudi na mbili ndani ya begi, zimefungwa kwenye kanga, chini ya kiti cha basi upande usio na jua.

Wiki hii nimepigiwa tena. Sendofu Jumamosi, watu themanini. Tumekadiria wanywaji waini ni thelathini, glasi mbili mbili, yaani sitini: boksi mbili za lita 5 zinatosha na sita zinabaki za wapishi, ukiongeza chupa mbili za Dodoma kwa meza ya wazee ambao huuliza imetoka wapi. Mwenyekiti wa kamati alitaka tuanze kwa kwenda dukani. Nimemwambia twende kwanza kwa kijana wa barafu kule Feri, tulipie kabisa mapema, maana Jumamosi wavuvi watazimaliza kabla ya saa nne asubuhi.